Panga taa za nyumba kabla fundi umeme hajachimba ukuta

Sebuleni ziwekwe taa ngapi? Chumbani wati ngapi? Ninunue nyeupe au ya njano? Maswali haya hayaishi, na mara nyingi huja plasta ikiwa imeshakauka na jipsamu imeshafungwa. Hapo unabaki na njia mbili: kuvunja au kuvumilia.

Usipompa fundi umeme mpango, atafanya anachofanya kila nyumba: boksi moja katikati ya dari, swichi moja mlangoni, basi. Si kosa lake. Yeye hajui kitanda kitakaa wapi wala sinki litakuwa upande gani. Taa ya katikati humulika sakafu ya katikati, mahali ambapo hakuna anayefanya kazi yoyote. Ukisimama jikoni kukata vitunguu, mwanga unakujia mgongoni na kivuli chako kinaangukia ubao. Kwa hiyo shika jambo moja tangu mwanzo: taa hufuata kazi na samani, haifuati katikati ya dari.

Mwongozo huu ni wa anayejenga au anayekarabati na bado hajapiga plasta. Kama unaishi nyumba ya kupanga au nyumba imeshakamilika, hatua ya 1 hadi ya 4 zinakuhusu vilevile. Hatua ya 5 utaitimiza kwa taa za kuchomeka kwenye soketi.

Andaa hivi kwanza

- Futikamba ya mita 5.
- Daftari la miraba na penseli. Miraba minne iwe mita moja.
- Vipimo vya samani ulizonazo au utakazonunua: kitanda, makochi, meza, makabati.
- Chaki ya kuchora ukutani na sakafuni.
- Simu yenye tochi, ngazi, na mtu mmoja wa kukusaidia.
- Balbu mbili za LED zenye wati sawa, moja ya K3000 na nyingine ya K6500, za kujaribia rangi.
- Fundi umeme mwenye leseni. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Kupanga ni kazi yako. Kuunga waya ni kazi yake.

Namba za kwenye boksi

Nadharia tunayohitaji ni ndogo. *Lumeni* ni kiasi cha mwanga unaotoka. *Wati* ni umeme unaoliwa, na kwa LED wati hazikuambii mwanga ni mwingi kiasi gani. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. LED nzuri hutoa hizo kwa wati 8 au 9, na LED hafifu inaweza kuandikwa wati 12 isifikie hapo. Nunua kwa lumeni.

Namba inayoambatana na *K* ni rangi ya mwanga: 2700 hadi 3000 ni ya njano yenye joto, 4000 ni nyeupe ya kati, 6500 ni nyeupe ya kibuluu. *CRI* au *Ra* huonyesha rangi za vitu zinavyoonekana kwa uhalisi. Usishuke chini ya 80, na jikoni au kwenye kioo tafuta 90. *IP* ni kinga ya vumbi na maji. Mwisho kabisa, angalia volti: balbu iliyoandikwa 100–265V itavumilia umeme wa kupanda na kushuka kuliko ile ya 220–240V.

Hatua ya 1: Chora chumba pamoja na samani

Pima urefu, upana na kimo cha dari. Chora milango na uonyeshe inafungukia upande gani. Chora madirisha. Kisha weka samani zote kwa vipimo vyake: kitanda cha futi sita kwa sita kina upana wa mita 1.83, meza ya jikoni ya kujengea ina kina cha sm 60. Usikisie. Kitanda kikisogea sm 40, taa ya pembeni yake inaishia nyuma ya kichwa cha kitanda au nyuma ya pazia.

Kosa linalojirudia hapa ni kuchora taa kabla ya samani.

Hatua ya 2: Andika kazi inayofanyika kila mahali

Juu ya mchoro uleule weka alama: hapa mtu anasoma, hapa anakata mboga, hapa ananyoa ndevu, hapa mtoto anafanya hesabu za shule, hapa ni runinga. Kila alama inahitaji mwanga wake unaotoka mbele au pembeni ya mtu, wala si mgongoni kwake. Ukishamaliza hizo, ndipo ufikirie mwanga wa jumla wa kutembea chumbani, na mwisho kabisa mwanga wa mapambo. Wengi huanza na mapambo, kisha fedha zinaisha kabla ya kufika jikoni.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya lumeni

Eneo la chumba kwa mita za mraba, mara luksi unazotaka (*luksi* ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba), mara 1.5. Hiyo 1.5 inafidia mwanga unaopotea ukutani, kwenye vumbi na kwenye vifuniko vya taa. Kama kuta zina rangi nzito, dari ni la mbao au limepanda kupita mita 3, tumia 2 badala ya 1.5.

Luksi za kukadiria:

- Sebule: 150
- Chumba cha kulala: 100
- Jiko kwa jumla: 200, juu ya meza ya kukatia: 500
- Meza ya kusomea: 300 hadi 500
- Bafu na choo: 200
- Korido na ngazi: 100
- Stoo: 100

Mfano. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Mara 150 ni 3,000, mara 1.5 ni lumeni 4,500. Hizo usizitoe kwenye taa moja. Taa 6 za kuzamishwa darini zenye lumeni 550 kila moja zinakupa 3,300, taa 2 za ukutani zenye lumeni 400 zinaongeza 800, na taa ya kusimama pembeni ya kochi yenye lumeni 450 inafikisha 4,550. Imetosha.

Anayeogopa LUKU (umeme wa kulipia kabla) apige hesabu hii: balbu 10 za wati 9 zikiwaka saa 5 zinakula uniti 0.45 kwa siku. Balbu 10 za zamani za wati 60 kwa saa hizohizo zingekula uniti 3. Kuongeza taa tatu za LED mahali zinapohitajika hakutakufilisi. Pasi na friji ndizo za kuangaliwa.

Hatua ya 4: Chagua rangi ya mwanga

Kila duka limejaa K6500, na ndiyo sababu vyumba vingi vya kulala vinafanana na zahanati. Mgao unaofanya kazi ni huu: sebule na vyumba vya kulala K2700 hadi 3000, jiko, bafu na meza ya kusomea K4000, stoo na karakana K4000 au 6500 kama unaipenda. Nje tumia K3000 au chini ya hapo. Mwanga wa njano huvuta wadudu wachache kuliko ule wa kibuluu, na msimu wa kumbikumbi utaona tofauti mlangoni.

Ndani ya chumba kimoja taa zote za dari ziwe na K moja. Kuchanganya K3000 na K6500 kwenye dari moja huonekana kama taa moja imeharibika.

Bado una shaka? Usiku, washa zile balbu mbili za majaribio kwa zamu katika chumba unachoishi sasa, kila moja kwa usiku mzima. Dukani mchana macho yanadanganya.

Hatua ya 5: Weka kila taa mahali pake

Hapa ndipo penye kazi.

*Sebule.* Kwa dari la mita 2.7, taa za kuzamishwa zikae sm 80 kutoka ukutani na ziachane kwa mita 1.4 hadi 1.7 kwa urefu wa chumba. Katika ile sebule ya mita 4 kwa 5, panga mistari miwili ya taa tatu: sm 80 kutoka ukuta, kisha mita 1.7, kisha mita 1.7, kisha sm 80 hadi ukuta wa pili. Mistari yenyewe iachane kwa mita 2.4. Usiweke taa sm 30 kutoka ukutani kwa sababu tu umeona picha nzuri. Mwanga utachora matao ukutani na kila kasoro ya plasta itaonekana.

Sasa feni. Pangaboi la kawaida la inchi 56 lina kipenyo cha mita 1.4, yaani mapanga yanafika sm 70 kutoka katikati, na yananing'inia sm 30 hivi chini ya dari. Taa ikiwa karibu nayo, mwanga hukatwa na kila panga linalopita na chumba kizima kinacheza kama disko. Taa za darini ziwe angalau mita 1.2 kutoka katikati ya feni. Katika mpangilio tuliochora, taa mbili za katikati zimeangukia hapohapo kwenye mita 1.2, kwa hiyo usizisogeze ndani hata kidogo. Chumba kikiwa chembamba kiasi kwamba nafasi hiyo haipatikani, acha taa za darini na utumie za ukutani zilizowekwa chini ya usawa wa mapanga.

Runinga isitazamane na taa yoyote iliyo wazi ukutani upande wa pili. Utaiona taa ndani ya kioo kila picha ikiwa nyeusi. Zile taa mbili za darini zilizo karibu na runinga zipe swichi yake ili uzizime wakati wa kutazama.

*Meza ya kulia chakula.* Taa ya kuning'inia ikae sm 75 hadi 90 juu ya uso wa meza. Ikipanda zaidi inawachoma watu macho. Ikishuka zaidi hamuonani. Hakikisha meza haitahamishwa, maana taa ya kuning'inia juu ya sakafu tupu itamgonga kila mtu kichwani. Kama meza huhamahama, tumia taa ya darini.

*Jiko.* Hiki ndicho chumba kinachoharibiwa zaidi. Kama kuna makabati ya juu, gundisha mkanda wa LED chini yake, upande wa mbele wa kabati, ndani ya chaneli ya aluminiamu yenye kifuniko cha rangi ya maziwa. Ukiuweka nyuma kabisa utamulika vigae tu. Wati 8 hadi 10 kwa mita zinatosha. Draiva yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa nyumba uwe wa kufaa LED, hesabu hivi: mita 3 mara wati 10 ni 30, mara 1.2 ni wati 36; nunua ya 40. Ukinunua ya 30 kamili itafanya kazi ikiwa imechemka muda wote na haitadumu. Mkanda wa volti 12 usipite mita 5 kwa kulishwa upande mmoja. Usiupitishe juu ya jiko la gesi. Mvuke wa mafuta utaula.

Kama hakuna makabati ya juu, taa za darini ziwe sm 45 hadi 60 kutoka ukutani, juu ya meza ya kukatia yenyewe, moja ikiwa juu ya sinki. Kwa anayepikia mkaa au kuni ndani, chagua taa zilizofungwa zinazofutika kwa kitambaa. Masizi hupunguza mwanga haraka kuliko umri wa balbu.

*Chumba cha kulala.* Mwanga wa jumla usiwe juu ya mto. Aliyelala chali anautazama moja kwa moja. Usogeze kuelekea kabati la nguo, sm 70 hadi 80 mbele ya milango yake, ili nguo zilizo ndani yake zionekane bila kivuli chako. Pembeni mwa kitanda weka taa za ukutani mita 1.2 hadi 1.4 kutoka sakafuni, sm 20 nje ya ukingo wa kitanda. Kwa kitanda cha futi sita, hiyo ni mita 1.1 kutoka mstari wa katikati wa kitanda kwenda kila upande. Na chandarua? Swichi ya kuzimia lazima ifikike kwa mkono kutoka ndani ya chandarua bila kukichomoa kwenye godoro. Sehemu ya kuning'iniza chandarua uichore pia kwenye mpango, isije ikagongana na taa au feni.

*Bafu.* Taa iliyo juu ya kioo peke yake huweka vivuli chini ya macho na kidevu. Weka mbili, moja kila upande wa kioo, kwenye usawa wa uso, mita 1.6 hivi kutoka sakafuni. Ukipata nafasi ya moja tu, iwe ndefu na ikae juu ya kioo, si katikati ya dari. Taa zilizo ndani ya sm 60 kutoka eneo la kuogea ziwe IP44 au zaidi. Iliyo juu ya bomba la mvua iwe IP65. Swichi ikae nje ya mlango.

*Korido na ngazi.* Taa kila mita 2 hadi 2.5. Kwenye ngazi weka moja juu na moja chini, ili ukingo wa kila kidato uonekane unapopanda na unaposhuka.

*Nje.* IP65 kwa taa inayonyeshewa, IP44 inatosha kwa iliyo chini ya kibaraza. Ukanda wa pwani epuka taa za chuma cha kawaida; chumvi ya baharini itazila. Plastiki nzuri au aluminiamu iliyopakwa rangi hudumu. Sensa ya mwendo ifungwe mita 2.2 hadi 2.5 juu, mahali ambapo mtu atapita akiikata mbele yake. Anayeijia moja kwa moja huchelewa kuonekana.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio la bure. Usiku, mtu apande ngazi na ashike tochi ya simu mahali ulipochora taa. Wewe simama penye kazi: penye sinki, penye kioo, penye kochi. Tazama kivuli cha mkono wako kinaangukia wapi. Kikiangukia kazi, sogeza taa sasa, kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Gawanya swichi na sakiti

Swichi ikae upande wa kitasa cha mlango, sm 15 hadi 20 kutoka fremu, mita 1.2 hadi 1.4 juu ya sakafu iliyomalizika (ongeza unene wa vigae na zege la kusawazisha kama bado havijawekwa). Swichi iliyofichwa nyuma ya mlango uliofunguliwa ni kosa la zamani na bado linajengwa kila wiki.

Mwanga wa jumla, wa kazi na wa mapambo upewe swichi tofauti. Sebule yetu inahitaji swichi tatu kwenye bamba moja: taa mbili za upande wa runinga, taa nne zilizobaki, na taa za ukutani. Swichi za njia mbili, ambazo mafundi huziita tuwei, ziwekwe kwenye ngazi, kwenye korido yenye milango kila mwisho, na chumbani: moja mlangoni, moja kitandani. Waya wa ziada wa tuwei ni gharama ndogo kabla ya plasta na kero kubwa baada yake.

Mambo ya kumkumbusha fundi, yaandike kwenye mchoro:

- Taa zitumie waya wa mm² 1.5 na sakiti breka ya ampea 6 au 10. Soketi zisichanganywe na taa.
- Taa zigawanywe kwenye sakiti mbili au zaidi, kila moja na breka yake. Si kwa sababu ya mzigo: taa 40 za wati 9 ni wati 360 tu, ampea 1.6 hivi. Ni ili breka moja ikidondoka nyumba nzima isiingie gizani.
- Swichi ikate waya wa moto (unaoleta umeme), kamwe isikate nyutro (unaourudisha). Kwenye holda ya kuzungusha, waya wa moto uende kwenye ncha ya chini na nyutro kwenye ukuta wenye nyuzi.
- Rangi za waya zisichanganywe. Madukani bado kuna nyekundu na nyeusi za mfumo wa zamani pamoja na kahawia na buluu za mfumo mpya. Chagua mfumo mmoja kwa nyumba nzima.
- Kila taa ya chuma ipate waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja.
- Apitishe nyutro hadi kwenye maboksi ya swichi kama una mpango wa swichi za kutumia simu, na maboksi hayo yawe na kina cha mm 35.

Hatua ya 7: Panga taa za umeme ukikatika

Chagua taa chache za lazima: moja sebuleni, moja jikoni, moja koridoni, moja ya nje. Zipe sakiti yake peke yake tangu kwenye boksi la breka. Siku utakayonunua inveta na betri, au sola, fundi ataunga sakiti hiyo moja tu, bila kugusa ukuta. Taa hizo nne za wati 9 ni wati 36. Kwa saa 6 ni watisaa 216, mzigo ambao betri ndogo inaubeba. Ambaye hana mpango wa inveta atumie balbu za chaji kwenye sehemu hizohizo, na akumbuke kuwa balbu hiyo huchaji swichi ikiwa imewashwa.

Hatua ya 8: Nunua, pima, piga picha

Nunua taa za kuzamishwa kabla fundi wa jipsamu hajatoboa. Tundu hupimwa kwa kipenyo kilichoandikwa kwenye boksi, nacho hutofautiana kati ya taa za inchi 4 za makampuni mawili. Pima pia nafasi iliyopo juu ya jipsamu. Acha sm 10. Draiva isigusane na bati, maana mchana chini ya bati joto ni kali mno.

Nunua taa za chumba kimoja zote siku moja, duka moja, na uongeze mbili za akiba. Miaka miwili baadaye hutapata inayofanana. Tafuta alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na uulize dhamana imeandikwa wapi. Kama nyumba ina holda za pini na za kuzungusha, amua aina moja.

Mabomba ya waya yakishafungwa na kabla ya plasta, weka futikamba ukutani na upige picha kila ukuta. Picha hizo ndizo zitakazokuzuia kutoboa waya siku ya kutundika runinga.

Tatizo likitokea

*Taa inawaka kwa mbali hata ikizimwa.* Mara nyingi swichi inakata nyutro badala ya waya wa moto. Hii si ya kupuuzwa, kwa sababu holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa. Mwite fundi ageuze. Sababu nyingine ni swichi yenye kitaa kidogo cha alama, ambacho hupitisha umeme kidogo kwenda kwenye LED. Badilisha swichi.

*Balbu zinakufa kila baada ya miezi michache.* Angalia kama zimefungiwa ndani ya bakuli la kioo lisilopumua. Joto huua LED. Badilisha bakuli au tumia balbu ya wati ndogo. Zikifa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, fundi apime volti na aangalie nyutro iliyolegea, hasa kwenye boksi kuu.

*Taa inatetemeka.* Taa moja tu: kaza balbu, kisha fundi akague muungano wa holda. Zilizo kwenye dima (swichi ya kupunguza mwanga): balbu yenyewe lazima iwe ya kupunguzika, na dima iwe ya LED, dima za zamani zinataka mzigo mkubwa kuliko LED zako zote. Zinatetemeka feni ikiwashwa tu: rudi kwenye mita 1.2.

*Mkanda wa LED unafifia mwishoni.* Ni mrefu mno kwa kulishwa upande mmoja. Ulishe pande zote mbili, au utumie wa volti 24.

*Chumba bado kina giza ingawa hesabu ilitimia.* Futa vifuniko vya taa kwanza. Kisha tazama kuta: mwanga wote unaoelekezwa sakafuni huacha kuta nyeusi, na jicho husema chumba kina giza. Elekeza taa moja au mbili ukutani kabla ya kuongeza wati.

*Breka inadondoka taa nyingi zikiwashwa pamoja.* Draiva nyingi huvuta umeme mwingi pale tu zinapowaka. Zigawe kwenye swichi mbili. Ikiendelea, fundi akague kama kuna waya uliochubuka, na asikimbilie kuweka breka kubwa zaidi.

*Taa ya nje yenye sensa ya mwanga inawaka na kuzima usiku kucha.* Sensa inauona mwanga wa taa yake yenyewe, inadhani kumekucha, inazima, kisha inaanza upya. Igeuze itazame angani upande wa pili, au iwekee kikinga kati yake na taa.